Albamu ya Nyimbo Tisa

Albamu ya rafiki yangu ina nyimbo tisa. Ilikuwa iwe na kumi. Ule uliokosekana ulikuwa wa nne kwenye orodha yake, ulinihusu mimi na mama yangu, na ulitolewa kwa sababu yangu. Nimeshajaribu kuyaandika haya mara mbili kwenye daftari langu, na mara zote mbili nilipoyasoma nikaona nimejipendelea. Hii ni mara ya tatu. Mimi niliishia kidato cha pili, kwa hivyo nikikosea mahali ni kukosea tu, si ujanja.

Rafiki yangu ni mhudumu katika hoteli ndogo hapa Uarabuni, mtaa wa Al Muraqqabat. Asubuhi anabeba mayai na chai, mchana anavua sare, anavaa kofia yake pana ya kaoboi, na kuanzia hapo ni mwimbaji wa kantri. Tunakaa chumba kimoja, watu sita, vitanda vitatu vya ghorofa. Yeye analala juu, mimi chini yake. Mpakistani mmoja wa chumba cha pili alimuuliza mbona Mwafrika anaimba nyimbo za wachunga ng'ombe. Akamjibu, "Na sisi bro unafikiri tulikuwa tunachunga nini?"

Kwetu, kule juu Molo kwenye baridi, kantri si muziki wa wageni. Jumapili baada ya kanisa redio zote zilikuwa zinaimba hiyo, nyumba hata nyumba. Mama yangu aliipenda na hakujua Kiingereza. Alikuwa anamenya viazi na kuniuliza, "Huyu naye analilia nini?" kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa shuleni. Mimi pia sikuwa naelewa, lakini sikutaka kusema sielewi, na ada amelipa. Nikawa namwambia, "Anasema ng'ombe wake wamepotea." Jumapili nyingine, "Anasema mvua imekataa kunyesha." Mama anatikisa kichwa, anasema, "Pole yake." Nadhani alikufa akiamini wale watu wote walikuwa na shida ya ng'ombe.

Alikufa mwaka jana, miezi ile ya joto kali. Mimi ni mlinzi kwenye mnara mmoja wa ofisi Jumeirah Lake Towers, nakaa mezani kwenye lobi, naandika wageni. Dada yangu mkubwa alipiga simu saa nne asubuhi. Akasema mama ametuacha. Nikamuuliza saa ngapi, akasema alfajiri. Kulikuwa na mtu wa kuleta vifurushi amesimama mbele yangu, nikamwandikia jina na namba ya lifti huku simu iko sikioni. Dada akauliza, "Utakuja?"

Nikasema, "Nitauliza."

Sasa hapa ndipo maandishi yangu ya kwanza na ya pili yalipodanganya, kwa hivyo naandika polepole. Fomu za kuomba likizo zilikuwa kwenye droo ya chini ya meza yangu mwenyewe, chini ya miavuli ambayo wageni husahau. Ilitakiwa niiname tu. Supavaiza wetu alipita mbele yangu siku hiyo mara tatu, na siku iliyofuata sikumbuki mara ngapi. Sikumuuliza. Nilisema kesho, kesho ikafika nikasema jioni. Siku ya tatu dada akanipigia tena.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

"Basi," akasema. "Mungu yupo."

Kwetu neno hilo, wamekataa, likishasemwa na mtu aliye Uarabuni, halifuatiwi na swali. Kila mtu ana ndugu ambaye walimkataza. Harusi walikataa, Krismasi walikataa, mazishi walikataa. Hakuna anayeuliza ni nani hasa aliyekataa, alisema saa ngapi, alikuwa amesimama wapi. Na ni kweli wengi wamekatazwa, nawajua, sitaki mtu asome hapa aseme watu wa Gulf ni waongo. Wengi ni kweli. Mimi si kweli.

Kwa nini sikuomba, nimejiuliza. Wakati ule kulikuwa na maneno kwamba baadhi yetu tutahamishwa kutoka lobi kwenda kwenye mageti ya nje, juani, na niliogopa nikiondoka siku kumi nitakuta mtu kwenye kiti changu. Hiyo ni sababu moja, na ni ya aibu, lakini sina hakika kama ndiyo yenyewe. Labda niliogopa kumwona mama amelazwa pale. Labda nilikuwa tu nimekaa, na mtu aliyekaa huendelea kukaa. Sijui. Ningeandika kama ningejua.

Mazishi niliyaona kwenye simu, chumba cha mapumziko kule chini karibu na maegesho. Binamu alikuwa ameshika simu kule, mtandao unakatika, picha ikaganda kwenye hema kwa muda mrefu, halafu ikarudi kaburi limeshafunikwa. Kwenye daftari siku hiyo nimeandika hivi: Mazishi saa saba. Wali na dengu. Hakuna nilichosikia moyoni. Nilirudi mezani kabla ya muda wa mapumziko kuisha.

Supavaiza ni Mnepali, mtu mzima, mwenye mvi pembeni. Sitampamba. Aliwahi kuniandikia onyo kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati, na mwenzangu mmoja kwa sababu ya viatu. Lakini wakati wa joto yeye ndiye aliyekuwa anawapelekea maji watu wa mageti ya nje, kwa mkono wake, na hakuna aliyemtuma. Wiki mbili baada ya mazishi mtu alimwambia. Akaja mezani, akasema kwa Kiingereza chake kifupi, "Kwa nini hukuniambia? Ningekuandikia siku kumi." Nikasema, "Ni sawa, sir." Akanitazama, akainyoosha kalamu ya wageni kwenye kamba yake, akaenda.

Sasa wimbo.

Siku moja ya mapumziko nilikuwa napiga pasi sare, rafiki yangu amekaa kitandani kwake juu, miguu inaning'inia. Aliniuliza kama nililia. Nikamwambia yote niliyoyaandika hapa, hema lililoganda, wali, dengu, ila ile habari ya droo. Niliposema wamekataa, miguu ikaacha kubembea. Uso wake sikuuona, niliiona miguu tu.

"Nani, yule Mnepali wenu?"

Sikujibu. Nakumbuka vizuri kwamba sikusema ndiyo. Na najua hilo halinisaidii.

Baada ya wiki chache akaniita jikoni na gitaa. Wenzetu wawili walikuwa wanapika ugali. Akaimba taratibu, kwa Kiswahili, ile sauti yake inayovunjika mwishoni kama mlango wa mbao. Wimbo unasema kijana yuko mlangoni kwa watu, mama yake amekufa mbali, na kiitikio chake kilikuwa hivi:

Niliweka barua mezani, bosi akaikunja mara mbili,
akasema rudi mlangoni, maiti haikimbii.

Aliyekuwa anasonga ugali akaacha kusonga, ukashika chini. Hakuna aliyelalamika. Nilijua kwamba ni wimbo mzuri. Ninajua kidogo kuhusu kantri, nimeisikia tangu tumboni, na hakuna hata mmoja wa zile tisa nyingine uliokuwa kama huu.

"Iko sawa?" akaniuliza.

"Iko sawa."

"Hakuna nilipokosea?"

"Iko sawa, bro."

Nilimwambia na dada kwamba kuna wimbo wa mama unakuja. Hilo sikulazimika kulisema. Dada akafurahi, akasema tutaupiga siku ya kujengea kaburi saruji, mwaka ukitimia. Akamwambia mchungaji, na mchungaji naye akatangaza.

Studio ilikuwa Al Jaddaf, chumba kimoja cha Mganda ambaye siku za kazi hufunga spika kwenye kumbi za hoteli. Kuta zote alizitundikia blanketi, zile nzito za rangi mbili. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma na sauti yake inaingia kwenye maiki, kwa hivyo kila mara kabla ya kurekodi anakizima. Mnaimba dakika nne mnatiririka jasho, halafu anakiwasha tunasimama chini yake kama kuku kwenye mvua. Wimbo mmoja ulichukua Jumapili nzima. Nyimbo kumi zilituchukua tangu baridi mpaka joto likarudi.

Mimi nilikuwa nakwenda kumshikia kofia, ndivyo alivyokuwa akinitania. Lakini ulipofika ule wa nne akasema, "Katikati hapa hakuna kuimba. Kuna kusema. Nyimbo za zamani zilikuwa hivyo, gitaa linashuka, mtu anasema maneno kama anaongea na jirani. Utasema wewe."

"Mimi si mwimbaji."

"Si nimesema hakuna kuimba. Ni mama yako, bro. Mimi wangu yuko hai, ananipigia kila siku kuniuliza kama nimekula."

Mganda akanivalisha hedifoni. Kiyoyozi kikazimwa. Karatasini yaliandikwa: Nilimwomba siku kumi tu. Hakuinua macho. Nikasoma. Nilisoma kama ninavyosoma namba za magari mlangoni. Nilikuwa nafikiria kiyoyozi kitawashwa lini. Nilipomaliza, Mganda akamwambia rafiki yangu, kwa lile neno la kwao la "bwana", "Ssebo, huyu usimguse. Hatusemi mara ya pili. Watu wanaigiza huzuni, huyu anayo."

Nilitaka kumwambia kwamba sina. Nikavua hedifoni, nikampa.

Rafiki yangu aliwatumia ule wimbo, kabla haujasafishwa, Wakenya wenzangu wa kazini. Sitamlaumu, ni mwimbaji, lazima asikike. Ukaingia kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo na ukakaa humo. Walikuwa wanaupiga asubuhi wakifunga kamba za viatu, na supavaiza akipita, mmoja anasema kwa heshima zote, "Maiti haikimbii, sir." Wengine wanainama chini kucheka. Yeye akawa anatabasamu. Alidhani ni salamu.

Haukupita muda akaishika. Nakumbuka siku ya kwanza. Saa moja kasoro asubuhi, lobi bado haina mtu, sakafu imetoka kupigwa mashine. Akaingia kwa mlango wa kuzunguka, akanyanyua mkono na kuniambia kwa Kiswahili, kwa furaha ya mtu aliyejifunza kitu, "Maiti hakimbi, rafiki."

Nikasema, "Asubuhi njema, sir."

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alimsalimia hivyo mama mmoja msafishaji, Mtanzania wa makamo, ambaye hajui habari za wimbo. Yule mama akasimama na ndoo yake akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "huyu bwana mmemfundisha nini? Mtu mzima huyu."

Nilisema sijui, shikamoo mama. Lakini mchana supavaiza alikuja kukagua kitabu cha wageni, na akiwa anakifungua akauliza, bila kunitazama, ile salamu maana yake nini hasa. Alisema yule mama wa usafi hakuijibu.

Ninamtafsiria hapa, maana tuliongea Kiingereza. Nilifikiria kwa muda mfupi sana kumwambia ni habari za ng'ombe.

Nikasema, "Maana yake mtu aliyekufa hakimbii."

"Nani amekufa?"

"Ni maneno ya wimbo, sir."

"Na kwa nini mimi?"

"Kwenye wimbo ni bosi anayasema. Anamwambia mlinzi aliyeomba likizo akamzike mama yake."

Alikaa na kidole kwenye mstari aliokuwa anausoma. Akauliza, "Wewe uliomba?"

"Hapana, sir."

"Hapana," akasema. "Hukuomba."

Akageuza ukurasa. Akanionyesha mgeni mmoja wa asubuhi ambaye sikumwandikia saa ya kutoka, nikaiandika. Halafu akaenda kwenye lifti. Toka siku hiyo alirudi kwenye salamu za kawaida, na baadaye hata hizo zikapungua. Hakuniandikia onyo lolote wala hakunihamisha. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nangoja anihamishe, na ningekuwa na kitu cha kumlaumu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho studio, ya kusafisha sauti na kufunga kazi. Niliwaambia kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa hivyo ilibidi nipaze sauti kidogo, na haya si maneno ya kupaza sauti.

"Ule wimbo si kweli."

Rafiki yangu akacheka. "Hakuna wimbo wa kweli. Mimi hata farasi sijawahi kupanda."

"Bosi hakukataa."

"Alikataa nani?"

"Hakuna. Sikuomba. Fomu ilikuwa kwenye droo yangu, nikasema kesho, nikasema jioni."

Alivua kofia. Alikaa nayo magotini, anaizungusha ukingo. Mganda akasogea kwenye mashine zake akajifanya ana kazi.

"Nilikuuliza jikoni," rafiki yangu akasema. "Nikakuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

"Watu wanamsema yule mzee huko kazini kwenu kwa mdomo wangu."

"Kwa mdomo wako na wangu."

"Wangu. Mimi ndiye nimeimba. Wewe uliona niko bize na jina langu, ukaniachia."

Sina la kumpinga hapo. Kwa haki, alipokwisha kukasirika alijaribu kuuokoa, na wimbo ulikuwa wake, angeweza kuubeba kama ulivyo akaniacha na aibu yangu. Kiyoyozi kikazimwa. Akabadilisha maneno: Sikuweka barua mezani, fomu ililala drooni. Aliimba mara tatu. Mara ya tatu hata mimi niliona umeanza kukaa. Mganda akasikiliza na kusema kwa upole, "Boss, nikwambie ukweli. Kwa yule wa kwanza mtu atalia. Kwa huyu, mtu atakaa kimya, halafu atauzima. Hakuna mtu anataka kuwa huyu."

Rafiki yangu akanigeukia. "Mimi ningeuacha huu wa pili. Sijali wakiuzima. Lakini dada yako atausikia, na kanisa zima pamoja naye. Kwa hivyo sema. Ule wa kwanza siuimbi tena. Ama huu, ama hakuna."

Niliuliza kama naweza kufikiria mpaka jioni. Akasema, "Hiyo jioni yako ndiyo ilitufikisha hapa. Yalla, sema."

Nikasema autoe. Sikutaka dada ajue kwa spika, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, saruji bado mbichi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na ni sababu nzuri. Kwamba pia sikutaka kusikika hivyo na watu nisiowajua, sikusema, lakini ilikuwepo.

Albamu ilitoka na nyimbo tisa. Imepokelewa vizuri na watu wetu hapa. Wimbo unaopigwa zaidi ni ule wa harusi ya Nakuru, ambao mimi naona ni wa kawaida, lakini huenda sina masikio. Mimi na yeye tunaongea. Ananipa chumvi, nampa pasi. Miguu yake bado inaning'inia juu yangu akiwa anafikiria maneno, ila hajaniuliza tena habari zozote za kwetu.

Dada alisikiliza zote tisa siku ileile, kisha akapiga.

"Wa mama uko wapi? Nimepitia mara mbili."

Nilikuwa nimesimama nje ya duka la Mhindi mmoja, Mmalayali, chini ya jengo letu, na mkate mkononi. Nikamwambia hauko. Akauliza wameukataa? Alinipa lile neno tayari, mkononi kabisa, sikuhitaji hata kulitafuta.

Nikasema, "Hapana. Niliutoa mimi. Ulikuwa unasema walininyima likizo, na hawakuninyima. Sikuiomba."

Nilisikia kuku wa kwao. Nilisikia mtoto akiulizia kitu na dada akimwambia ngoja.

"Hukuiomba," akasema.

"Ndiyo."

"Nilimwambia mchungaji walikataa. Nilisimama mbele ya watu na maiki nikasema wamemkatalia ndugu yangu, tumwombee." Sauti yake haikupanda. "Walikuombea watu wengi."

"Najua."

"Hujui," akasema. "Mvua inakuja, nikaanue nguo." Akakata.

Hakupiga kwa siku nane. Saruji ya kaburi waliiweka wakaimba nyimbo za kanisa, nilionyeshwa picha na binamu. Siku ya tisa dada alipiga, akaniambia viazi vimeingiwa na baridi, majani yote yamekuwa meusi, na bei ya mbegu. Nilisikiliza. Mwishoni akauliza, kama mtu anayeulizia mbegu, "Likizo ya mwaka huu utaiomba?"

"Nitaiomba."

"Sitamwambia mtu mpaka nione miguu yako hapa."

Kesho yake kazini niliinama, nikatoa miavuli, nikatoa fomu. Niliijaza kwa kalamu ile ya kamba. Kwenye nafasi ya sababu nilikaa kidogo, mwisho nikaandika kwamba nakwenda kuona kaburi la mama. Supavaiza alikuwa anatoka nje kwa sababu lori la samani lilikuwa limeziba mlango wa nyuma. Nikasimama, nikampa. Akaisoma akiwa amesimama, mpaka chini. Akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akaiweka fomu juu ya meza yangu, akatia sahihi.

"Siku kumi na tano," akasema. "Kumi hazitoshi, ndege peke yake ni siku mbili." Akaenda kwenye lori.

Niliangalia saa, kwa mazoea tu, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika saa. Tangu nilipofungua droo mpaka alipotia sahihi hazikufika dakika nne. Ule wimbo ulikuwa na dakika nne na ushee. Nilikaa tena kwenye kiti. Akaja mgeni wa ghorofa ya kumi na saba, nikamwandika.